Walimu watarajiwa, tuachane na programu za kreki

Najua wengi wenu mko kwenye test, wengine mnalisubiri bumu kwa hamu, kwa hiyo sitawazungusha. Leo nina hoja moja, na inatuhusu zaidi sisi wa Elimu: mwalimu anayekwenda kazini na laptopu iliyojaa programu za kreki anakwenda na kitu kisicho chake, na siku kikigoma hana wa kumlilia. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Dawa ipo, haina gharama, na inakubali karibu kila mashine. Sisi tu ndio tunaipita.

Kwa nini naongea hivi? Nyumbani kwetu ni Nsemulwa, Mpanda, mkoa wa Katavi, na TP nilifanyia huko huko. Shule siitaji jina. Ofisi ya taaluma ilikuwa na kompyuta moja ya mezani yenye Windows 7, ya msaada. Mkuu wa shule alikuwa na laptopu ya Windows 10. Mwenzangu wa TP alikuja na Windows 11. Mwalimu wa taaluma yeye alikuwa na kishikwambi. Halafu kuna steshenari mjini ambako mitihani inachapwa, nayo ina mashine yake na toleo lake la Word.

Sasa fuatilia safari ya mtihani mmoja wa Baiolojia. Unaandikwa kwenye laptopu, unahamia kwenye flashi, unapitiwa na mtaaluma, unarudi ofisini, unaishia steshenari. Ukifika huko swali la saba limerukia ukurasa mwingine, jedwali limekatika katikati na mchoro wa figo umekimbilia ukingoni. Unaanza kupanga upya huku mteja wa nyuma yako anagonga meza. Siku nyingine laptopu ya mwenzangu ikatoa ujumbe kwamba Office haina leseni: kusoma unaweza, kuandika huwezi. Hiyo ni jioni, mtihani ni kesho asubuhi. Fundi anasema lete elfu kumi nikuamshie. Na akiiamsha, ataiamsha kwa kreki nyingine, kwa hiyo mwezi ujao mtaonana tena.

Kreki yenyewe tunaijua. Unapewa flashi hosteli, ndani kuna Office na kifaili kidogo cha pembeni. Maelekezo ya kwanza kabisa: zima antivairasi. Jamani, mtu akikuambia umfungie mbwa kwanza ndio aje kukutembelea usiku, utamfungulia mlango? Lakini kwenye kompyuta tunafungua. Halafu flashi hiyo hiyo inaenda ofisi ya taaluma, mahali zinapokaa alama za watoto wa watu.

Na sisi ndio tutakaosimamia mitihani na kuwanyang'anya watoto vibomu. Sihubiri hapa, kanisani na msikitini mnakwenda. Nasema tu kwamba mtoto anaona.

Haya, dawa ni ipi? Ni programu huria. Wengi wakisikia huria wanadhani maana yake ni bure tu. Bure ni sehemu yake. Huria maana yake unaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuangalia ilivyotengenezwa, kuibadilisha, kuinakili na kumgawia mwenzako. Kile tunachofanya na Office kwa kujificha, kwenye LibreOffice unafanya mchana kweupe. Unamkopia mkuu wa shule, unamkopia mwenye steshenari, hakuna anayemdai mwingine. Kwa shule ya serikali isiyo na fungu la leseni hilo ni jambo kubwa mno.

Na msidhani haya ni mageni Tanzania. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa na mradi unaitwa Kilinux. Wakishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, waliitafsiri OpenOffice.org kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Iliwekeka kwenye Windows, iliwekeka kwenye Linux, na ilitoka kabla Microsoft hawajatoa pakiti yao ya Kiswahili. Yaani watu wa hapa hapa, miaka zaidi ya 20 iliyopita, walishaona kwamba Mtanzania anaweza kuandika barua kwa kompyuta bila kulazimika kujua Kiingereza kwanza. Sisi wa leo hata hilo jina hatujalisikia.

Mnajua OpenOffice iliishia wapi? Kampuni ya Sun iliyokuwa ikiisimamia ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Watengenezaji wengi hawakuridhika na mwelekeo, wakachukua kodi chanzo, wakaondoka nayo, na Septemba mwaka huo huo wakatangaza LibreOffice. Leseni iliwaruhusu. Ingekuwa programu ya kufungiwa, wangeondoka mikono mitupu na sisi tungebaki kuangalia mwenye mali ataamua nini. Ndiyo maana nasema huria ni zaidi ya bei.

Sasa tuje kwenye kuiweka, maana najua mtaniuliza.

Windows. Ingia tovuti ya LibreOffice yenyewe, usichukue kwenye tovuti za ajabu ajabu. Faili ni kama MB 350, kwa hiyo pakua kwa wi-fi ya chuo. Kama mashine ni Windows 10 au 11 chukua toleo jipya. Kama ni Windows 7 kama ile ya ofisini kwetu, toleo la 25.2 ndilo la mwisho linalokubali, kwa sababu kuanzia 25.8 waliacha kuihudumia Windows 7 na 8. Matoleo ya zamani yamehifadhiwa kwenye tovuti yao hiyo hiyo. Bonyeza mara mbili, kubali, subiri, imekwisha. Hakuna kuzima antivairasi, hakuna namba za siri.

Linux. Ukiwa na Ubuntu au Linux Mint mara nyingi unaikuta imo tayari. Kama haimo, fungua dirisha la amri uandike sudo apt install libreoffice, weka nywila yako, basi.

Mac. Wale wachache wenye MacBook, kuna faili lenu pia. Angalieni tu kama mashine yenu ni ya chipu ya Intel au ya Apple yenyewe, maana ni mafaili mawili tofauti.

Simu na kishikwambi cha Android. Hapo tafuta Collabora Office, ni ndugu wa LibreOffice na ni ya bure. Usitegemee kuandikia andalio la somo zima kwenye simu, lakini kusoma na kurekebisha inatosha.

Halafu kuna ule ugonjwa wa mtihani kuparaganyika. Sababu kubwa ni fonti. Umeandika kwa fonti ambayo mashine ya pili haina, nayo inaweka nyingine yenye upana tofauti, mistari inasogea. LibreOffice inakuja na fonti za Liberation, ambazo herufi zake zina upana sawa na za Times New Roman na Arial, na Carlito yenye upana sawa na Calibri. Andikia hizo na mambo yatatulia sana. Na ukishamaliza, kabla ya kwenda steshenari, toa PDF. Iko pale pale kwenye menyu ya faili. PDF haijali mashine ni ya nani.

Mbali na hapo kuna VLC kwa video za kufundishia, kuna GIMP kwa picha, na kuna Kolibri, ambayo kwa shule za kwetu naiona kama mvua ya vuli. Mashine moja inabeba masomo na mazoezi, zingine zinaungana nayo kwa wi-fi ya ndani, bila intaneti kabisa. Wa Hisabati mtaongeza GeoGebra, ingawa leseni yake ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, siyo huria moja kwa moja. Tusichanganye.

Kuna hoja tatu huwa naambiwa, nazo si za kudharau.

Ya kwanza: rahisi ni ghali, cha bure lazima kina kasoro. Sawa, lakini takwimu za vituo vya afya nchini zinakusanywa kwa DHIS2, ambayo ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa UDSM wameifanyia kazi miaka mingi. Na ule mfumo wa masomo mtandaoni mnaotupia assignment saa 5:58 usiku, kwenye vyuo vingi ni Moodle, nayo ni huria. Kama inaaminiwa na wizara na seneti ya chuo, itashindwa na azimio la kazi la Kidato cha Pili?

Ya pili: usiache mbachao kwa msala upitao. Ajira zinataka Word. Hapa nakubali nusu. Nenda ofisini utakuta Word, na faili lenye mapambo mengi likitoka huku kwenda kule linaweza kusogea hata ukitumia fonti nzuri. Lakini anayejua mtindo wa vichwa vya habari ni nini, jedwali la yaliyomo linajengwaje na fomula ya wastani inaandikwaje, huyo akikaa kwenye Word anahitaji siku mbili tu kuzoea. Aliyekariri kwamba kitufe kiko kushoto juu, toleo likibadilika amepotea. Sisi ni walimu, tunajua tofauti ya kuelewa na kukariri kuliko mtu yeyote. Kozi zetu za TEHAMA zingefundisha kazi ile ile kwenye programu mbili, hata mtihani uulize kazi, usiulize kitufe.

Ya tatu: Linux ni ya wataalamu. Hii ilikuwa na ukweli zamani. Siku hizi unaweza kuijaribu bila kugusa chochote: unaiandika kwenye flashi kwa kutumia Rufus, unawasha kompyuta kupitia flashi, unaangalia kama sauti, wi-fi na printa zinakubali, ukichukia unachomoa. Ukipenda na kutaka kuiweka moja kwa moja, hamisha kwanza mafaili yako yote kwenye diski nyingine. Hilo halina mjadala.

Na hili la Linux lina uharaka wake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa hiyo mashine nyingi zilizo nzima kabisa haziingii rasmi. Zitakwenda wapi? Mnajua zinakokwenda: zinapakiwa kama msaada na kuletwa shule za huku kwetu. Mwalimu wa Mpanda atapokea kompyuta nzuri yenye mfumo ulioachwa. Asiyejua lolote ataiacha ioze kwenye kona ya maabara ikiwa imefunikwa kitambaa. Anayejua ataweka Linux Mint, ambayo inaridhika na RAM ya GB 2 ingawa 4 ni bora, na watoto watajifunza. Tofauti ya hao walimu wawili haitatokana na mshahara. Inatengenezwa sasa hivi, hapa chuoni, katika hii miaka mitatu.

Nimalizie na wale wa Kiswahili, maana mnapenda kusema TEHAMA haiwahusu. Kiswahili kipo kwenye orodha ya lugha za LibreOffice, na kamusi ya kusahihisha tahajia ipo, kazi ya Mkenya Jason Githeko. Lakini tafsiri ya menyu haijakamilika, na inafanywa na watu wa kujitolea. Hiyo ni kazi ya mwenye lugha kuliko mwenye kompyuta. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 Helsinki alipoanza Linux mwaka 1991. VLC ilianzia kwa wanafunzi wa chuo Paris. GIMP ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley. Sisi hatuombwi kuunda kitu kipya, tunaombwa tuseme "save" tunaiitaje ili mwalimu wa msingi Nsemulwa asikwame.

Kwa sasa nina flashi ya GB 32 yenye LibreOffice ya Windows, zote mbili, 25.2 na jipya, pamoja na VLC na Linux Mint. Anayetaka aje na laptopu yake maktaba Jumamosi baada ya chai, tunaweka, halafu anakopi kila kitu akawagawie wa chumbani kwake. Sharti ni moja: ukienda TP usirudi nayo peke yako, iache shuleni.

Nawasilisha. Wenye hoja tofauti, uwanja ni wenu.