Mama Sarah na hilo neno "wa kambo"

Wadau, kuna neno limenikera tangu Mama Sarah Obama alipofariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021, akiwa na miaka 99. Karibu kila habari niliyosoma, ya nje na ya kwetu, ilimtaja kuwa "bibi wa kambo" wa Barack Obama. (Wakenya wangesema nyanya, huku kwetu Tanzania nyanya ni ya mchuzi!) Najua kwa nini tunaandika hivyo. Sisi waandishi tunafundishwa kuwa sahihi, na kwa hesabu ya damu ni kweli kwamba hakumzaa baba yake Obama. Ila usahihi wa aina hii unanitia mashaka.

Tuanze na boma lenyewe. Mama Sarah alikuwa mke wa tatu wa mzee Hussein Onyango Obama. Kwa mila za Waluo mke mkubwa huitwa mikayi, wa pili nyachira, wa tatu reru, na kila mmoja ana nyumba yake na nafasi yake. Akumu, aliyemzaa baba yake Obama, aliondoka kwenye ndoa ile watoto wakiwa bado wadogo. Wakabaki mikononi mwa Sarah, ambaye aliozwa akiwa binti kwa mwanamume aliyemzidi umri mbali sana.

Na haikuwa rahisi, tusipake asali. Katika kitabu cha Obama cha mwaka 1995, Dreams from My Father, bibi mwenyewe ndiye anayesimulia jinsi kijana yule na dada yake walivyotoroka usiku kwa miguu kwenda kumtafuta mama yao upande wa Kendu Bay, wakahangaika siku nyingi njiani kabla ya kurudishwa nyumbani. Hebu fikiria wewe ndiye mwanamke kijana unayeamka asubuhi, watoto hawapo, na unajua fika wamemkimbilia nani. Ungeweza kabisa kusema basi, si wangu hawa. Yeye aliendelea kuwalea.

Mtoto huyo mtoro ndiye aliyekuja kupata nafasi ya kusoma Hawaii mwaka 1959. Katika salamu zake za rambirambi Obama alisema kwamba upendo wa bibi huyu na jinsi alivyomtia moyo baba yake vilichangia kumfikisha huko. Mwaka 1982 baba huyo akafa kwa ajali ya gari Nairobi, akarudishwa kuzikwa Kogelo, bomani kwa Mama Sarah. Sasa niambieni jamani, uchungu wa siku ile nao ulikuwa wa kambo?

Lawama nyingine ni ya Kiswahili chetu. Mama wa kambo katika hadithi tulizokua nazo ni yule anayemlisha mtoto ukoko na kumtuma kisimani usiku. Ukilitamka tu neno lenyewe, umeshamhukumu mtu. Obama na nduguze walimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, bila nyongeza yoyote.

Wala hakuishia kwa huyo mmoja. Alilea watoto wanane, akilima, akifuga mbuzi na kuku, na ziada akiipeleka sokoni. Kisha ukaja Ukimwi. Siaya ilikuwa kati ya sehemu za Kenya zilizoumia vibaya, na nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu tu, katikati hakuna mtu. Mama Sarah alichukua yatima nyumbani kwake, akahangaikia karo na sare zao, na baadaye ikaanzishwa taasisi yenye jina lake. Mwaka 2014 mwanamke huyu, ambaye hakuwahi kupata elimu ya darasani, akatunukiwa tuzo ya elimu New York. Sijui kwa nini jambo hilo lilikuwa aya ya mwisho katika habari nyingi.

Bibi wa namna hiyo wamejaa kuzunguka ziwa lote, Siaya mpaka Kagera yetu. Wanafika shuleni au hospitali wameshika mkono wa mtoto, wanaulizwa: wewe ni nani wake? Kenya ilianza mwaka 2004 kutoa fedha kwa kaya zinazolea yatima, na fedha ile hailipwi kwa kuangalia nani alizaa. Kama serikali, pamoja na makaratasi yake yote, iliweza kumtambua mlezi, vyumba vyetu vya habari vinashindwaje?

Mama Sarah alizikwa Kogelo kesho yake, tarehe 30 Machi, kwa taratibu za Kiislamu. Siku nikipangiwa tena kuandika habari zake nitaandika "bibi yake Obama, aliyemlea baba yake". Mhariri akiona ni lazima kambo iwepo, ataiweka kwa mkono wake mwenyewe.