Mafuta ya taa si soda

Noeli inakaribia, na watoto wetu wanajua kwamba siku hiyo kuna soda. Ndiyo maana tunasema wazi: mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, hata kwa usiku mmoja. Mtoto wa miaka 2 akiiona chupa, hunywa.

Akishakunywa, msimtapishe, wala msimpe maziwa ili atapike, kama wafanyavyo wengi. Mafuta yakipanda tena kooni huingia mapafuni kwa urahisi, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama anacheza; kikohozi na kuhema huweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Wengine husema, “Ni mapenzi ya Mungu.” Hatukubali. Chupa ile ilijazwa na mtu mzima.