BREKI MOJA, MAKAMANDA WAWILI

Kila askari anafahamu kwamba kikosi chenye makamanda wawili wa cheo sawa hakina kamanda. Kanuni hiyo ya kale yawahusu sasa mafundi waundao magari.

Gari la siku hizi huongozwa na kompyuta nyingi ndogo. Moja huzuia magurudumu yasiteleze, nyingine hushika mwendo uliowekwa na dereva, na nyingine hufunga breki ya dharura kikwazo kitokeapo. Kila moja yaweza kuwa timamu peke yake; hatari huzuka pale zinapoidai breki ile ile kwa wakati mmoja. Mwezi Februari 2010, kampuni ya Toyota iliyaita zaidi ya magari 400,000 yatumiayo petroli na umeme, kwa kuwa breki zake zilihisiwa kulegea kwa kitambo kidogo pale mfumo wa kuzuia utelezi ulipoanza kazi.

Mfano mzito zaidi ulitokea Tempe, katika Jimbo la Arizona, Marekani. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, gari la Volvo lililokuwa likijaribiwa na kampuni ya Uber ili lijiendeshe lenyewe lilimwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walibaini kwamba mitambo ya Uber ilimwona sekunde 5.6 kabla ya ajali, lakini ikashindwa kumtambua sawasawa na kuchukua hatua mapema.

Je, breki ya dharura ya Volvo ilikuwa wapi? Ilikuwa imezimwa, kwa sababu mbili. Kwanza, rada za Volvo na za Uber zilitumia masafa yale yale, hivyo zingeweza kuvurugana. Pili, mtambo wa breki haukuwa umeelekezwa itii amri ipi kwanza iwapo zote mbili zingefika pamoja. Badala ya kupanga madaraka, mlinzi mmoja aliondolewa lindoni, na zamu yake akaachiwa mtu aliyeketi penye usukani, ambaye macho yake yalikuwa kwenye simu. Volvo ilipoirudia ajali hiyo kwa kompyuta mara 20, mara 17 breki iliyozimwa ingeliepusha kabisa mgongano.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwapo. Baada ya ajali masafa ya rada yalibadilishwa, breki ikawekewa utaratibu wa kutanguliza amri, na mifumo yote miwili ikafanya kazi pamoja. Mtu alipoteza maisha kwa swali ambalo lingejibiwa karakanani.

Polisi achunguzaye ajali ya gari jipya asiridhike kuuliza ni kifaa gani kilichoharibika. Aulize pia ni kipi kilichozimwa, na kwa amri ya nani. Dereva wa jeshi naye ajue, kabla ya kuondoka kambini, ni walinzi gani wa gari lake walio macho. Nidhamu ya amri hupangwa kabla ya mapambano. Katikati ya mapambano haipangiki.