Kripto Imepata Sheria, Lakini Msee wa Kamukuywa Bado Anafunguliwa Waleti na Mtu Hamjui

Wacha nikuulize kitu moja kwanza. Ule msee alikufungulia waleti ya kripto, yale maneno 12 ya Kizungu yalitokea kwa skrini, nani aliyaandika? Wewe ama yeye? Kama jibu ni "aliniambia atanitumia WhatsApp", basi buda, hiyo doo si yako. Umeiweka kwa mfuko wa mtu mwingine na unamshukuru juu.

Nasema hivi ju vijana wengi wanadhani mambo imenyooka. 15 Oktoba 2025 Rais Ruto alitia sahihi sheria ya kampuni za mali dijitali, na 4 Novemba ikaanza kufanya kazi. CBK na CMA ndio wamepewa kazi ya kutoa leseni na kuchunga hao wasee. Hiyo ni hatua kubwa, siwezi kataa. Kumbuka Desemba 2015 CBK ilitoa onyo kwamba Bitcoin si pesa halali Kenya na ukichomeka hakuna mtu atakusaidia, kisha ikawa kimya kirefu. Sasa ona hii ingine: sheria ya fedha ya 2023 ilileta ushuru wa asilimia 3 kwa mali dijitali kuanzia 1 Septemba mwaka huo, mpaka ile ya 2025 ikautoa na kuweka asilimia 10 kwa ada zenye kampuni zinakutoza. Yaani ushuru ulifika miaka miwili kabla ya ulinzi. Serikali ni ile ile, tuendelee.

Shida ni watu hawasomi hii sheria inashika nani. Inashika kampuni: wale wanauza na kununua kripto kwa niaba yako, wale wanakuwekea. Hao lazima wawe na leseni, na pesa ya mteja isichanganywe na yao. Hiyo ni muhimu sana ukikumbuka FTX ya kina Sam Bankman-Fried, vile ilianguka Novemba 2022 na pesa za wateja zikapatikana zilishatumika kwa mambo ingine kabisa. Lakini waleti yenye uko nayo mwenyewe kwa simu, yenye funguo ni zako, hakuna kampuni hapo ya kushtakiwa. Maneno 12 yakipotea, imeisha. Mtu akiyaona, imeisha mbio zaidi. Hakuna kupigia huduma kwa wateja urudishiwe vile unafanya ukituma M-Pesa kwa namba si yake. Na hata upande wa kampuni, sheria ilipoanza kazi, CBK na CMA walitoa notisi wakisema bado hawajapatia mtu yeyote leseni. Kwa hivyo mtu akikuambia mwezi huo "sisi tuko na leseni ya CBK", ulikuwa unaongopewa mchana.

Mara ya kwanza Wakenya wengi kushika waleti ilikuwa Worldcoin. Unakumbuka Julai 2023, watu wamepanga laini ndefu KICC wakichungulia ile mpira ya kupiga macho picha, ndio wapate tokeni 25 za bure zenye zilikuwa karibu elfu saba hivi. 2 Agosti serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ya macho ifutwe. Story ya macho iliongelewa hadi ikachosha, na ilistahili. Yenye haikuongelewa ni hii: maelfu ya watu walifungua waleti wakiwa kwa laini, wakielekezwa na mtu hawamjui wabonyeze wapi, kisha wakauza tokeni kwa broka hapo hapo wapate cash. Hiyo ndio ilikuwa shule yetu ya kripto. Tulifundishwa kwamba waleti ni kitu unafunguliwa na mtu mwingine haraka haraka, halafu unatoa pesa unaenda.

Hiyo tabia imefika mashinani. Hapa Kamukuywa, kwa barabara ya Webuye kwenda Kitale, utapata msee wa boda ama kijana ameuza gunia kadhaa za mahindi, anataka kuweka kitu kidogo kwa kripto ju ameskia shilingi inaliwa na bei za vitu. Hana mtu wa kumuuliza. Anampea simu yake kijana wa cyber ama "mtaalam" wa kikundi cha Telegram. Na si ujinga. Kama hujawahi ona kitu ikifanya kazi bila pesa ndani, utajifunzia wapi?

Jibu liko, na ni bure, lakini hakuna influencer atakuambia ju haina link ya kumlipa. Unajaribu waleti kwa kompyuta pepe na pesa ya mchezo.

Kompyuta pepe ni kompyuta ndani ya kompyuta. Unaweka programu ya VirtualBox, ni ya bure, halafu ndani yake unaweka Linux Mint kama vile ungeweka kwa laptopu mpya. Inafungua kwa dirisha lake. Ukiharibu kila kitu huko ndani, laptopu yako haijui. Nilifanya hii na laptopu ya HP ya ex-UK yenye RAM GB 8, nikapea ile ya ndani GB 2, ikatembea poa. Ukiwa na RAM GB 4 itajikokota. Na kama VirtualBox inakataa kuwasha, mara nyingi ni ju ile ruhusa ya kuendesha kompyuta pepe imezimwa kwa laptopu. Unaingia ile menu ya kabla Windows iwake na kuiwasha. Hapo ndio wengi hukata tamaa.

Jirani mmoja aliona ile dirisha akaniuliza, "Brathe, hii ndio inachimba Bitcoin?" Hapana khocha, hii haichimbi chochote. Ingekuwa inachimba singekuwa nakopa bundles.

Ndani ya Mint nikaweka Electrum, waleti ya Bitcoin imekuwa tangu 2011. Itoe kwa tovuti yao wenyewe, electrum.org, usiende kwa link umetumiwa na mtu. Mwisho wa 2018 wezi walitumia ujumbe wa uongo ndani ya Electrum za zamani, ukiambia watu waweke toleo jipya. Waliobonyeza waliweka ya wezi, na zaidi ya Bitcoin 200 zikaenda. Watu hao hawakuwa mafala. Walifanya kile wameambiwa na skrini. Ndio maana watengenezaji huweka sahihi ya kidijitali kando ya faili, na kuipima ni zoezi lenye unafaa kurudia mpaka mkono uzoee.

Electrum ukiiwasha kwa hali ya testneti, unaingia mtandao wa majaribio. Ni Bitcoin, lakini sarafu zake hazina thamani, unaombea tu kwa tovuti za kugawa bure. Utajua uko huko ju anwani zinaanza na tb1, na zile za pesa ya ukweli za siku hizi zinaanza na bc1. Angalia hiyo kila saa.

Sasa ile test yenyewe, na hapa usiharakishe. Andika maneno 12 kwa karatasi, kwa mkono wako. Pokea sarafu za mchezo, andika salio. Halafu futa kompyuta pepe yote. Sio kuzima, kufuta. Tengeneza ingine mpya, weka Electrum, ingiza maneno yako 12. Salio linarudi vile lilikuwa. Mara ya kwanza kuona hiyo, kitu inabadilika kwa kichwa: pesa haikuwa kwa laptopu hata siku moja. Iko kwa daftari la mtandao, na karatasi yako ndio ufunguo. Ule msee wa cyber hakuhitaji simu yako. Alihitaji kuona karatasi sekunde thelathini.

Kisha jaribu kukosea makusudi. Badilisha neno moja ama geuza mpangilio wa mawili, uone vile Electrum inakataa kuendelea. Fanya na mwandiko wako wa haraka, uone kama baada ya wiki bado unajua kama hiyo ni "a" ama "o". Mwandiko mbaya umeosha watu kuliko hackers, hiyo ni maoni yangu tu.

Lakini usitoke hapa ukidhani kompyuta pepe ni sanduku la chuma. Kama laptopu yenyewe ya nje iko na virusi ya kurekodi kila herufi unaandika, itarekodi hata zile unaandika kwa dirisha la ndani. Kuna ingine inangoja ukopi anwani, halafu ukipaste inaweka ya mwizi. Kwa hivyo kompyuta ya cyber ni ya kujifunzia na sarafu za mchezo, full stop. Na yale maneno 12 ya mazoezi usiyatumie kamwe kwa pesa ya ukweli. Siku ya pesa ya ukweli, ni kifaa chako, maneno mapya, na unatuma kidogo sana kwanza, ufute, urudishe, ndio uongeze.

Gharama ya hii zoezi yote? Mint ni kama GB 3, VirtualBox na Electrum ni ndogo. Kama mko wasee wanne, mmoja apakue na wengine wapewe kwa flash. Weka jioni mbili, ju stima ikipotea katikati ya kuweka Mint unaanza upya. Ikishawaka, VirtualBox inakuruhusu kuhifadhi ile mashine vile iko, ukiharibu unarudi hapo hapo bila kuweka kila kitu tena. Na ule "mtaalam" wa Telegram akikuambia hii yote ni kupoteza wakati, atakufungulia kwa dakika tano, muulize yale maneno 12 ataandika nani.