Mikongo miwili, njia moja

Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Tanzania ikiumia vibaya. Miezi michache kabla, Seacom ulikuwa umekatika pia katika Bahari ya Shamu.

Kuhesabu mikongo hakutoshi ikiwa inapita mahali pamoja.

Mtandao mpana husanifiwa kwa njia zisizopita mahali pamoja, kila moja ikiwa na nafasi ya kubeba mzigo wa mwenzake. Mkongo wa TEAMS, unaounganisha Mombasa na Fujairah, ulibaki hai, na Kenya ikapata pa kuegemea. Wadhibiti wa kanda nzima wazilazimu kampuni za intaneti kununua nafasi ya akiba mapema, tena waijaribu kwa kuzima njia kuu makusudi, usiku, kabla nanga ya meli haijaikata.