NYUMBA NA SHAMBA: Ajali ya Mashine Ina Kinga

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Waliponena hayo walikuwa wakilima kwa jembe la mkono na kutwanga kwa mchi na kinu, na ajali walizozijua zilikuwa za tawi kukatika au nyoka kuchomoza majanini. Mkulima wa leo anaishi na vyombo vingine. Nchini Uganda mahindi hupukuchuliwa kwa mashine ya injini, kisha hukobolewa na kusagwa unga wa posho. Nchini Rwanda, ambako mpango wa Girinka ulianza mwaka 2006 kuzigawia familia maskini ng'ombe, mifugo mingi hulishwa bandani, na katika baadhi ya nyumba majani hukatwa kwa mashine. Ajali za vyombo hivi si kama ile ya nyoka. Nyingi katika hizo huja kwa njia inayojulikana: mtu hunyoosha mkono kurekebisha jambo dogo, hali mashine ingali inazunguka. Jambo linalojulikana njia yake linaweza kuzibiwa njia.

MASHINE HAINGOJI

Yafaa kila mwenye nyumba afahamu mwendo wa vyombo hivi, maana macho hudanganya. Chuma kilicho laini, kinachozunguka bila kelele nyingi, huonekana kama kimesimama. Mhimili unaotoka nyuma ya trekta ili kuendesha mashine ya kupukuchulia aghalabu huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa kila sekunde moja. Mhimili wenye unene wa sentimita tano tu huweza kuzongomeza kitambaa cha urefu unaozidi mita moja kwa sekunde hiyo moja. Kwa hiyo leso nzima humezwa kabla ya mwenye kuivaa hajamaliza kupiga ukelele. Hakuna binadamu mwenye wepesi wa kushindana na mwendo huo, na asiwepo anayejidai kuwa nao.

Hebu msomaji aitazame siku ya kupukuchua. Majirani wamekusanyika, magunia yamepangwa, na wingu linatanda upande wa ziwa. Mwenye mashine hulipwa kwa hesabu ya magunia, na wateja wengine wanamsubiri kijiji cha pili. Mara magunzi yanakwama mdomoni mwa mashine. Kuizima injini ya dizeli, kisha kuiwasha tena kwa kuzungusha hendeli, ni kazi ya jasho. Hivyo kijana anaona heri ayasukume kwa mkono mara moja tu. Mara hiyo moja ndiyo inayoondoka na vidole. Kuzima na kuwasha hupoteza dakika tano. Mkono uliokatika hupotea kwa miaka yote iliyobaki, na jembe, ndoo na kalamu vyote huudai.

Ijulikane kwamba katika siku hiyo mwenye mahindi ana sauti. Kabla mashine haijaanza kunguruma, akubaliane na mwenye mashine mambo mawili: injini itazimwa kila inapokwama, na muda wa kuzima hautakuwa sababu ya ugomvi wa malipo. Ikibidi, aongeze kitu kidogo juu ya malipo. Gharama hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na nauli ya kumpeleka majeruhi hospitali usiku.

Kanuni yenyewe ina maneno matatu, na hata mtoto aweza kuyakariri: zima, ngoja, gusa. Neno la kati ndilo linalosahaulika. Gurudumu zito la mashine ya kukatia majani, na nyundo za chuma zilizomo ndani ya kinu cha kusagia, huendelea kuzunguka baada ya injini kunyamaza. Ukimya wa injini si ruhusa ya kutia mkono. Ni lazima gurudumu lenyewe lionekane limesimama kabisa.

MAVAZI, VIFUNIKO NA WATOTO

Gomesi ni vazi la heshima, lakini mshipi wake mrefu unaoning'inia mbele haufai kando ya mkanda wa mashine. Hali kadhalika kanzu, shuka lililofungwa begani, leso iliyolegea na nywele ndefu zisizofungwa. Mama anayekwenda kwenye kinu na mtoto mgongoni amkabidhi mtoto kwa mwenzake aliye nje ndipo aingie, au asubiri unga wake mlangoni. Mwendesha mashine naye avae nguo zinazokaa mwilini, zisizo na ncha za kupepea.

Mahali pa hatari kuliko pote ni pale mkanda unapokutana na gurudumu lake, kwani huvuta kila kinachogusa. Fundi yeyote wa kuchomea vyuma kijijini anaweza kutengeneza kifuniko cha wavu au bati cha kupaziba mahali hapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inataka sehemu za hatari za mashine zizingirwe. Kifuniko kilichofunguliwa kwa ajili ya matengenezo kirudishwe kabla ya injini kuwashwa. Kilichotupwa nyuma ya nyumba hakimkingi mtu.

Kuhusu watoto, Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2001, unaeleza kwamba kazi za kilimo zenye hatari hazifai kwa mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kulisha mashine ya kukatia majani ni mojawapo ya kazi hizo, ingawa katika nyumba nyingi mtoto arudiye shuleni ndiye anayetumwa. Hata ile ya kuzungushwa kwa mkono hukata vidole pale mtoto mmoja anapozungusha na mwingine anapolisha. Gurudumu lake lifungwe kwa mnyororo na kufuli kazi ikiisha. Siku ya kupukuchua, uchorwe mstari wa majivu umbali wa hatua kumi kuzunguka mashine, na mtoto yeyote asiuvuke hata kama ameitwa na babaye.

GHALA SI CHUMBA CHA KULALA

Mahindi yakiisha kupukuchuliwa huenda ghalani, na huko kuna hatari isiyo na kelele. Ili kuwaua fukusi, watu wengi hununua vidonge vya kufukizia nafaka. Kidonge kikipata unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi hiyo. Gesi inayomuua mdudu ndani ya punje humuua na mwanadamu. Ni nzito kidogo kuliko hewa, nayo hupenya katika nyufa za ukuta na chini ya milango. Harufu yake hufanana na ya kitunguu saumu au ya samaki aliyeoza, lakini harufu hiyo si mlinzi wa kuaminika, kwani gesi yaweza kuwapo bila kunusika.

Msiba hutokea pale familia isiyo na ghala inapoyaweka magunia chumbani kwa kuogopa wezi, ikatia vidonge, kisha ikafunga mlango na madirisha na kulala. Usiku watu huumwa kichwa, hutapika na kubanwa kifua, na asubuhi hudhaniwa kuwa wamekula chakula kibovu au wana malaria. Gesi hii haina dawa ya kuipinga. Kwa sababu hiyo lisemwe bila kuzungusha maneno: vidonge hivi visitumiwe kamwe katika nyumba wanamolala watu, wala katika chumba kinachopakana nayo kwa ukuta. Kazi hiyo ifanywe na mtu aliyefundishwa, chini ya turubai lililozibwa pande zote, na siku zote zilizoandikwa kwenye mkebe zitimizwe kabla ya ghala kufunguliwa na kupewa hewa. Vidonge visimwagiwe maji, kwani hutoa gesi kwa wingi na huweza kuwaka moto.

Kwa nyumba ya kawaida iko njia iliyo salama zaidi. Mahindi yaliyokauka barabara hutiwa katika mifuko ya plastiki nzito iwekwayo ndani ya gunia, nayo hufungwa imara mmoja baada ya mwingine. Fukusi hufa kwa kukosa hewa, wala sumu haihitajiki. Kuujua ukavu wake si vigumu. Punje chache na chumvi kavu hutiwa katika chupa kavu na kutikiswa kwa dakika chache. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, na yarudishwe juani.

Nyumba ya kinu nayo ina lake. Bomba la moshi lazima litoke nje, juu ya paa, maana moshi wa injini una gesi isiyoonekana inayomlaza mtu asiamke. Vumbi la unga lililotanda hewani huweza kulipuka likipata cheche, kwa hiyo sigara na taa ya mafuta zibaki nje.

MSIBA UKISHATOKEA

Mtu akinaswa, injini izimwe kwanza. Asivutwe kwa nguvu. Mkanda utolewe na sehemu za mashine zilegezwe taratibu. Damu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi juu ya jeraha bila kuachia. Kidole kilichokatika kizungushiwe kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya maji baridi au barafu. Kisigusane na barafu yenyewe, nacho kiende hospitali pamoja na mwenyewe.

Aliyevuta gesi apelekwe penye hewa safi na kisha hospitali upesi, pamoja na mkebe wa vidonge ili mganga ajue sumu gani. Maziwa si dawa yake. Kumnywesha ni kupoteza wakati. Na yeyote asikimbilie ndani ya ghala lililofungwa kumwokoa mwenzake kabla milango haijafunguliwa na hewa haijapita, isije nyumba moja ikachimba makaburi mawili.

Mavuno ni furaha ya nyumba nzima, nayo hayapaswi kulipiwa kwa mkono wa kijana wala kwa pumzi za watoto waliolala. Msimu ujao mashine itakapoingia uani, mama au baba na asimame karibu na yule mwenye hendeli, amkumbushe yale maneno matatu kabla ya gunzi la kwanza kutumbukizwa: zima, ngoja, gusa.