Bukavu: Kuku wakidonoana, mwenye kosa ni mwenye banda

Katika parseli nyingi za Kadutu, Bagira na Ibanda, kuku akikutwa asubuhi mgongo wazi na damu mkiani, hukumu inatoka haraka: kuna kuku mwenye roho mbaya humu ndani. Kisu kinatafutwa. Mkorofi anaenda chunguni, na yule aliyeumizwa anapelekwa sokoni kuuzwa bei ya kutupa kabla hajafa. Baada ya siku chache mkorofi mwingine anajitokeza, naye anachinjwa. Muhula ukifika mwisho, mama aliyetegemea kuku kumi kwa pesa ya shule ya watoto anabaki na manyoya.

Hukumu hiyo ni ya uongo. Imedumu kwa sababu inampendeza mwenye banda: inamtoa kwenye lawama.

Kuku wana ukubwa na udogo wao. Tangu mwaka 1922 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alichapisha maandishi yanayoeleza jinsi kila kuku anavyojua nani anamdonoa na nani anapaswa kumpisha. Mpango huo ukishasimama, pigo moja linatosha: mdogo anaondoka, mambo yanaisha. Damu inatoka pale aliyeshindwa anapokosa pa kukimbilia.

Na atakimbilia wapi? Kuku 15 wanafungiwa mchana kutwa katika kibanda cha mita mbili za mraba, chombo cha chakula ni kimoja, na kijiti cha kulalia kinatosha sita. Kuku wanaofungiwa hivyo wasizidi wanne au watano kwa mita moja ya mraba. Anayepita hapo asishangae kuona vita. Ameitengeneza mwenyewe kwa misumari na mbao.

Chakula nacho kina lawama yake. Pumba za mahindi na mabaki ya bugali vinajaza tumbo, lakini kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini kama 16 kwa mia. Akiikosa, anaanza kung'oa manyoya ya mwenzake na kuyala. Damu ikionekana, wengine wote wanakuja, kwani rangi nyekundu inawavuta. Wapo watakaosema: sambaza hata watoto hawaishibi, kuku atapewa na nani? Swali ni la haki. Lakini hakuna anayedai sahani nzima. Vichwa na vumbi la sambaza vinatupwa kila siku. Mchwa hawauzwi dukani. Soya kidogo iliyokaangwa na kusagwa ina bei ndogo kuliko kuku mmoja aliyekufa.

Halafu kuna mchanganyiko: kuku, bata, kanga na dindo chini ya bati moja, kwa kujivunia kwamba parseli ina kila kitu. Kanga ni wakali na hufukuza kuku kwenye chakula. Dume la bata likikosa majike ya kutosha hupanda kuku, na linaweza kumjeruhi vibaya ndani ya mwili. Bata pia humwaga maji, banda linalowa, na magonjwa yanapata njia. Wanaweza kutembea uwanja mmoja mchana ikiwa nafasi ipo. Usiku, kila aina ilale kwake.

Waswahili walisema zamani kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hata hivyo kuku ananunuliwa Kadutu jioni na kutupwa ndani ya banda usiku huohuo, peke yake, kati ya wenyeji kumi. Hiyo ni kumhukumu. Tena anaweza kuleta ugonjwa wa Newcastle na kumaliza banda zima. Mgeni akae mbali wiki mbili au tatu, kisha wiki moja nyuma ya wavu ambapo wanaonana bila kufikiana. Wakiingizwa wawili pamoja, mapigo yanagawanyika.

Mbaya zaidi ni wale wanaokata midomo ya kuku kwa kisu cha moto. Mdomo una mishipa ya fahamu. Kuku anaumia, anashindwa kula vizuri, na sababu ya ugomvi inabaki palepale.

Lawama iwafikie pia wanaogawa vifaranga kwa wamama, wakapiga picha na kuondoka bila kueleza neno moja juu ya nafasi, chakula wala banda. Msaada wa namna hiyo unahesabiwa siku ya kugawa, wala hauhesabiwi miezi mitatu baadaye.

Kazi yenyewe haihitaji fundi. Aliyejeruhiwa atengwe siku hiyohiyo, kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi na kupakwa dawa ya zambarau ili wekundu usionekane. Mkorofi naye atengwe siku chache. Akirudi, mara nyingi ukubwa wake umekwisha. Vyombo vya chakula viwe viwili au zaidi, mbalimbali, ili mkubwa asivilinde vyote. Majani yatundikwe juu kidogo yawape shughuli. Manyoya yachunguzwe, kwani utitiri nao hufanya mgongo uwe wazi.

Kuku asiyetulia hata baada ya hayo yote yupo, na huyo sufuria inamngoja kwa haki. Lakini awe wa mwisho kuhukumiwa. Wa kwanza ni yule aliyepigilia misumari ya banda.